Naomba ushauri: meneja wa SACCOS yetu anataka bonasi ya asilimia 5 ya ziada

Ndugu wanajukwaa, nawasalimu. Mimi ni mjumbe wa bodi ya SACCOS yenye wanachama wapatao 900, wengi wao walimu na wauguzi. Mkataba wa meneja wetu unaisha mwezi ujao, naye ameomba kwamba, badala ya nyongeza ya mshahara, awe analipwa kila mwaka asilimia 5 ya ziada, yaani ile ambayo wenzetu wa kampuni huiita faida. Wajumbe wengi wameridhia, kwa hoja kwamba chama kikipata naye apate, kikikosa naye akose. Mimi nasita, ila nikiulizwa sababu nakosa la kusema. Tuandike nini kwenye mkataba?

Mhasibu Mstaafu: Ndugu mjumbe, ulizeni kwanza ni nani anayeihesabu hiyo ziada. Niliwahi kukaa kwenye kamati ya mikopo ya chama kimoja, nisikitaje, ambacho meneja wake alikuwa na mkataba wa namna hiyohiyo. Kuna jalada ambalo silisahau: mkopo wa milioni 6 uliokuwa umelala miezi minne ulilipwa wote tarehe 29 Desemba, na asubuhi hiyohiyo mwanachama yuleyule alipewa mkopo mpya wa milioni 7, fomu zote mbili zikiwa zimejazwa kwa kalamu moja. Vitabuni mkopo chechefu ukatoweka, riba iliyokuwa haijalipwa ikahesabiwa kuwa imepokelewa, na bonasi ikatoka Februari. Kufika Juni yule mwanachama hakuwa analipa hata shilingi.

Binti Mkaguzi: Hayo hayako kwetu tu. Benki ya Wells Fargo ya Marekani iliwasukuma wafanyakazi wake wamuuzie kila mteja huduma nane. Mwaka 2016 ikabainika kwamba akaunti zilizokadiriwa kufikia milioni 2 huenda zilifunguliwa bila idhini ya wateja, benki ikatozwa dola milioni 185, na mkuu wake, John Stumpf, akanyang'anywa hisa za dola milioni 41 ambazo zilikuwa hazijawa zake kamili. Ndiyo sababu zilirudi kwa urahisi, kwani kilichokwisha kuingia mfukoni ni kazi kukitoa. Andikeni kwamba nusu ya bonasi ibaki chamani kwa miaka miwili, ipunguzwe kadiri mikopo iliyotolewa mwaka ule inavyochelewa kwa zaidi ya siku 30, na mkopo uliolipwa kwa mkopo mwingine usihesabiwe kuwa umerejeshwa.

Kibubu: Mimi napinga bonasi yenyewe. Mwaka 1993 Marekani iliziwekea kampuni kikomo cha dola milioni 1 katika malipo ya mkurugenzi yanayoweza kutolewa kwenye faida kabla haijatozwa kodi, lakini ikayasamehe kikomo hicho yale yanayofungamana na utendaji; kampuni zikakimbilia huko, malipo yakazidi kupaa, na msamaha ukafutwa kwa sheria ya 2017. Mlipeni mshahara wa kutosha, basi.

Mwanzisha uzi: Nawashukuru nyote. Ndugu Kibubu, huo mshahara wa kutosha ndio tusioumudu. Rasimu yenye kipengele cha nusu nimeshaikabidhi kwa mwenyekiti, na meneja ameikubali isipokuwa siku 30. Yeye anataka 90.

Mhasibu Mstaafu: Wanachama wenu wanakatwa kwenye mshahara. Makato yakikosekana miezi mitatu mfululizo, huenda mtu ameacha kazi au benki imemkata kabla yenu. Shikilieni 30.