Mrejesho: kuchi wangu wa uani

Wakuu, mwaka jana niliwauliza nianzeje kufuga kuchi, wale kuku wa asili warefu wanaopenda kupigana, nikiwa na jogoo mmoja na mitetea wanne. Asanteni mno. Chanjo ya kideri (ugonjwa wa virusi unaoua kuku) nimeifuata: tone moja jichoni kila baada ya miezi mitatu, na hajaugua hata mmoja. Mayai 12 nilimwatamishia mtetea wa kienyeji wa kawaida, kwa kuwa kuchi wangu ni mzito na aliwahi kuyavunja. Siku ya 21 wakaanguliwa 9, miguu mirefu kama baba yao!

Nilipoteleza ni kwenye mapora, yaani majogoo machanga. Mlisema niwatenganishe mapema, nikachelewa. Wawili walipigana alfajiri, mmoja akatobolewa jicho, iliniuma sana. Sasa kila mmoja ana chumba chake bandani.