Nilizaliwa na kilo 1.9, sai nina presha, na sista yangu mjamzito anakatazwa mayai. Nisaidieni

Mama_Kaptembwa:
Hamjambo wadau. Niko Nakuru, nimezaliwa Machi 1985, mwili wangu ni mwembamba tu, chumvi natia kidogo, pombe sijui ladha yake, lakini nimepimwa presha siku tatu tofauti na zote zimepita 150. Daktari akaniuliza kitu sijawahi kuulizwa, ati nilizaliwa na kilo ngapi. Nikapigia mama simu akasema 1.9, na mimba ilitimia miezi tisa. Aliibeba ile njaa ya 1984, walikuwa vibarua Subukia, ugali wa mahindi ya manjano mara moja kwa siku, siku zingine chai ya rangi tu mpaka kesho. Alivyomaliza kuniambia akanyamaza, nikajua analia.

Sasa kweli njaa ya tumboni inaweza kukaa miaka yote hiyo ndio itokee kama presha? Na ile inaninyima usingizi zaidi, sista yangu mdogo ameolewa Kisumu, ako na mimba ya miezi mitano, mama mkwe wake (ni mama mzuri, anampenda sana) anamwambia asile mayai na apunguze chakula mtoto asikuwe mkubwa akashindwa kuzaa. Na yeye kutwa anatafuna odowa, yale mawe laini ya udongo.

Kano_Boy:
Pole dada. Mi naona ni ukoo tu, kwetu tulizaliwa wakubwa na bado presha iko.

Nesi_Mstaafu:
Ukoo uko, Kano_Boy, na umri na chumvi pia ziko. Lakini daktari ameuliza swali la maana sana. Figo za mtu huundwa zote tumboni, karibu wiki ya 36 kazi hiyo imeisha, na vile vichujio vidogo ndani yake haviongezeki tena maisha yako yote. Mtoto akikosa chakula tumboni mwili unalinda ubongo kwanza, figo na kongosho zinabaki na kidogo. Kwa hivyo anazaliwa na vichujio vichache, vinafanya kazi ya vingi, na miaka ikisonga presha inapanda ata kama mtu ni mwembamba. Si lazima impate kila aliyezaliwa chini ya kilo 2.5, wengi wako sawa, ni hatari tu imeongezeka.

Hii ilijulikana sana kupitia daktari Muingereza David Barker. Kule Hertfordshire wakunga walikuwa wanapima watoto tangu 1911, wakizaliwa na wakifikisha mwaka, wanaandika kwa vitabu. Yeye na wenzake wakafuata hao watoto wakiwa wazee, na 1989 wakaonyesha kwamba wanaume waliokuwa wepesi zaidi utotoni ndio walikufa zaidi na moyo. Wewe meza dawa ulizopewa, na uombe wakupime figo na sukari.

Mwalimu_Njoro:
Niongeze ya Uholanzi. Baridi ya 1944 kuingia 1945 Wajerumani walizuia chakula, watu wa mijini wakapewa chini ya kalori 1,000 kwa siku. Wale mama zao walipatwa na njaa mimba ikiwa changa walizaliwa na kilo za kawaida kabisa, lakini ukubwani wakaugua moyo zaidi ya wenzao. Kwa hivyo mizani ya siku ya kuzaliwa haisemi yote, sista yako asingoje miezi ya mwisho ndio aanze kula vizuri.

Na tafadhali mwambie mama yako hakuna kosa alifanya. Alikuwa na njaa.

Apoth_na_Kuon:
Mimi ni wa hapa Kisumu, hiyo maneno ya mayai nimeambiwa mimba zangu zote tatu. Usimpigie mama mkwe kelele kwa simu, ataona mnamdharau. Sista amwombe amsindikize kliniki, amuulize nesi mbele yake, hivo ndio wangu alilegea. Kama mayai bado ni vita aanze na omena, maharagwe, na mboga za kienyeji kama osuga (managu) na dek (saget), hizo hakuna mtu anakataza. Odowa apunguze, inazuia damu kuongezeka. Na huku ziwani malaria haichezi, inaingia mpaka kwa kondo la nyuma inamnyima mtoto chakula ata kama mama anakula, so alale kwa neti na ameze zile tembe za malaria za wajawazito, kwa miezi mitano anafaa awe ameanza.

Mama_Kaptembwa:
Asanteni jameni. Nimeongea na mama, nikamsomea ya Mwalimu neno kwa neno, akaniambia nirudie. Sista anaenda Alhamisi na mama mkwe, kumbe ata tembe za kuongeza damu aliacha kitambo juu zinamletea kichefuchefu na nesi hakuambiwa. Anaweza kuzimeza usiku?

Nesi_Mstaafu:
Ndio, usiku akishakula kidogo, na maji au maji ya chungwa, si chai, chai inazuia madini ya chuma ya hizo tembe kuingia mwilini. Choo ikiwa nyeusi asiogope, ni hizo tembe. Na Alhamisi aseme aliacha lini ndio wampime damu.

Mama_Kaptembwa:
Sawa, namtumia hii yote sai.