Kero za Prius na Aqua hapa Dar: ipi ni kawaida ya gari, ipi ni ya kuwahi?

Mkazi_wa_Goba
Wakuu, habari za jioni. Naomba msaada kwa wanaozijua gari za haibridi, zile za injini ya petroli na mota ya umeme. Nyumbani tuna Prius 30 (toleo la tatu) ya 2011 na Aqua ya 2013. Kwa mafuta sina neno, kero ni vitu ambavyo naona vimeundwa hivyo hivyo kiwandani, na kila fundi ana jibu lake.

Betri ndogo ya Prius (ya volti 12) ikiisha chaji, buti halifunguki, na betri yenyewe imefungiwa humo humo butini. Aqua nikiiweka gia ya N kwenye foleni ya Ubungo, vijiti vya chaji vinashuka mpaka viwili. Ukiweka R kwenye Prius inalia pii pii ndani ya gari, aliye nyuma hasikii chochote. Mchana wa jua kuna feni inavuma siti ya nyuma. Asubuhi ukifungua mlango wa dereva kuna kitu kinanguruma upande wa injini kabla hujagusa hata swichi. Na AC ya Aqua imepungua ubaridi, fundi anasema ataongeza gesi na oili ile anayoweka gari zote.

Kipi nikizoee, kipi nikiwahi?

fundi_umeme_Gerezani
Mkuu, hiyo ya oili ya AC msimamishe fundi leo hii. Mengine yote yanaweza kusubiri.

Kompresa ya AC kwenye Prius na Aqua haizungushwi na mkanda. Ina mota ya umeme ndani yake, inayotumia umeme wa betri kubwa (ile ya kuendeshea gari), na oili inazunguka pamoja na gesi ikigusa nyaya za mota hiyo. Ndiyo maana inatakiwa oili isiyopitisha umeme, ND-OIL 11. Gari za kawaida zinatumia oili ya aina ya PAG. Hiyo PAG ikiingia, hata kidogo, inashusha kinga ya umeme. Kompyuta ya gari inaona umeme wa betri kubwa unavuja kwenda kwenye bodi, inawasha taa ya hatari na kuandika kodi ya hitilafu P0AA6. Ukizima gari hapo inaweza kukataa kabisa kuja READY, lile neno la dashibodi linaloonyesha gari iko tayari kutembea. Na kuisafisha ni kazi ngumu, kwa sababu oili imeshasambaa kwenye mabomba na kondensa. Watu wengi wanaishia kubadilisha kompresa na vitu vingine juu yake.

Gesi yenyewe ni R134a, ile ile ya gari nyingine. Kwa hiyo ukienda kwa fundi wa AC muulize mambo mawili: oili gani, na mipira ya mashine yake imetoka kuhudumia gari gani. Mabaki ya PAG kwenye mipira yanatosha kuleta shida. Rangi ya kutafutia uvujaji nayo mara nyingi imechanganywa na PAG, usikubali iwekwe bila kusoma chupa. Kiasi cha gesi kimeandikwa kwa gramu kwenye stika chini ya boneti. Kipimwe kwa mizani, siyo kwa kushika bomba na kusema "imeshakuwa baridi". Na kama gesi imepungua, imetokea mahali. Atafute kwanza inapovujia.

Sasa N. Ukiwa kwenye N, mfumo unakata mawasiliano na jenereta, kwa hiyo hata injini ikiunguruma betri kubwa haichajiwi. Wakati huo huo AC, taa na redio vinaendelea kula. Piga hesabu: betri ya Aqua ni volti 144 na Ah 6.5, yaani kama wati-saa 936 kwa jumla. Kompyuta haikuruhusu utumie zote, inacheza kati ya takriban asilimia 40 na 80. Zinabaki kama 370 za kutumia. AC ikivuta kilowati moja kwenye joto la Februari, umemaliza ndani ya dakika 22, na foleni ya Ubungo dakika hizo inazo. Baki D na mguu kwenye breki, au weka P kama mmesimama sana. Injini itajiwasha yenyewe, itachaji, itazima. Hiyo ya kujiwasha na kujizima ndiyo kazi yake, usiionee huruma.

Kitu kingine kinachopotosha watu ni ile herufi B. Siyo ya betri wala ya kuchaji. Ni ya kuishikilia gari kwenye mteremko mrefu, kama kushuka Kitonga. Ukizungukia nayo mjini unaongeza matumizi ya mafuta bure.

Dada_wa_Mbezi
Kuhusu buti la Prius 30. Betri ndogo ikifa usihangaike na buti kwanza.

Ndani ya rimoti kuna ufunguo mwembamba wa chuma, uchomoe, fungua mlango wa dereva. Boneti inavutwa kwa waya, haihitaji umeme. Fungua kisanduku cha fyuzi kwenye injini, utaona kifuniko chekundu. Chini yake kuna ncha ya chanya iliyowekwa kwa ajili ya kubusti. Waya wa chanya unakaa hapo, hasi unabana kwenye bolti ya chuma tupu ya injini au bodi, mbali na betri. Subiri dakika chache, kanyaga breki, bonyeza POWER. Ikija READY, toa waya.

Usitegemee kusikia starta. Injini ya Prius inazungushwa na mota ya mfumo wa haibridi kwa umeme wa betri kubwa. Betri ndogo kazi yake ni kuamsha kompyuta na kufunga relei tu, ndiyo maana hata betri nzima ya bodaboda inaweza kuiamsha. Lakini ukigeuza chanya na hasi hata kwa sekunde moja, unaunguza fyuzi kubwa na pengine kigeuza umeme. Na Prius yako usiitumie kubusti gari ya jirani. Starta ya gari ya kawaida inavuta umeme mwingi kuliko mfumo wake mdogo ulivyojengwa kutoa.

Kama lazima ufungue buti bila umeme: laza siti za nyuma, ingia, tafuta kifuniko kidogo cha plastiki upande wa ndani wa mlango wa buti, kibandue kwa bisibisi iliyofungwa kitambaa, sukuma kishikio kilichopo ndani.

Ukienda Kariakoo kununua betri, saizi ya Prius 30 ni S46B24R, ya Aqua ni S34B20R. Usikubali "hii inaingia tu". Hiyo S mbele maana yake betri imefungwa na ina tundu la kutolea hewa linalounganishwa na mpira kwenda nje ya gari. Betri zote mbili ziko ndani mnapokaa, ya Aqua ipo chini ya siti ya nyuma. Betri ya maji ya kawaida inatoa hewa ya asidi humo humo kwenye watoto. R mwisho ni upande wa ncha, ukichukua L waya hazifiki.

Kuipima, chukua mita: gari imelala usiku kucha, 12.6 ni nzima, chini ya 12.0 imechoka. Ukiwa READY isome 13.5 hadi 14.5. Ikiwa chini ya 13 ukiwa READY, tatizo siyo betri, ni kibadilishi cha umeme kinachoichaji. Haibridi haina alternata. Gari isiyotembea iwekwe READY kama saa moja kila wiki, nje ya banda, kwa sababu injini itawaka yenyewe na moshi utajaa. Na kusikiliza redio bila READY ndiyo njia ya haraka ya kuiua.

kijana_wa_Sinza
Pii pii ya R inazimika kwenye Prius 20 (toleo la pili) na 30 bila mashine:

Washa mpaka READY. Bonyeza kitufe cha kilomita mpaka isome ODO (kilomita zote za gari), siyo TRIP (za safari). Zima. Washa tena READY, na ndani ya sekunde sita shikilia kile kitufe cha kilomita kwa sekunde kumi au zaidi. Ukiwa bado umekishikilia weka R, kisha P. Achia. Itaandika "b on". Bonyeza kitufe mara moja iwe "b off", zima gari. Umemaliza.

fundi_umeme_Gerezani
Maelezo ya kijana wa Sinza ni sahihi, ila naomba ufikirie kabla ya kuizima. Gia ya Prius inarudi katikati kila ukiiachia. Ukiwa R au D mkono haukuambii kitu, kilichobaki ni taa ndogo ya dashibodi na huo mlio. Kama gari inaendeshwa na mtu zaidi ya mmoja nyumbani, uache ulie.

Ngurumo ya mlangoni asubuhi ni pampu ya breki inajaza presha, sekunde chache tu, kawaida kabisa. Ya kuwahi ni pampu inayojirudia kila baada ya sekunde kadhaa gari ikiwa imesimama na hujagusa breki. Hapo presha inavuja ndani, na mashine ya kusomea hitilafu mara nyingi itatoa kodi C1391. Na anayebadilisha breki pedi atoe kwanza waya wa hasi wa betri ndogo. Akifungua mlango huku kalipa imening'inia, pampu inaweza kuamka ikasukuma pistoni nje.

Feni ya nyuma inapooza betri kubwa kwa hewa ya ndani ya gari. Kuvuma mchana wa joto ni haki yake. Gari ikitoka juani, shusha vioo dakika moja hewa moto itoke, kisha funga na uwashe AC. Kinachokupoza wewe kinapoza na betri. Ila feni ikivuma hata asubuhi na mapema kukiwa na baridi, kagua tundu la kuvutia hewa. Prius 30 lipo pembeni mwa siti ya nyuma, Aqua lipo chini mbele ya siti ya nyuma. Vumbi la barabara zetu za mitaani linalala hapo na kwenye mapezi ya feni. Ukiliacha miaka, seli za katikati zinapata joto kuliko za pembeni, zinachoka mapema, inakuja kodi P0A80, ya betri kubwa kuchoka.

Mzee_wa_Bunju
Kwa faida ya wengine: zote mbili ziko kama sentimita 14 tu kutoka ardhini, na chini zina plastiki inayosaidia mwendo na mafuta. Tuta lipandwe taratibu, na ukisikia plastiki inakwaruza irudishiwe klipu zake. Ukiiacha ikining'inia itachanwa yote.

Aqua nyingi zilikuja bila tairi la spea, zina chupa ya dawa na pampu ndogo. Angalia tarehe kwenye chupa, nyingi zimeshapita. Rimu ya spea ya Aqua nyingi ni tundu 4 kwa 100 (duara la bolti la milimita 100), ya Prius ni tundu 5 kwa 100, hizo haziazimani.

Mkazi_wa_Goba
Nashukuru sana wakuu, AC nimeisimamisha. Nimeinama kuangalia Aqua: siti zilishonewa kava jipya la ngozi, na kava limeshuka mpaka limefunika tundu lote la hewa. Nilitoe lote?

fundi_umeme_Gerezani
Huna haja. Zima gari, nyonya vumbi la tundu kwa mashine ya kufagilia na brashi laini, usipulize kwa kompresa ya upepo maana unalisukuma ndani kwenye betri. Kisha mpelekee aliyeshona akate dirisha kubwa kuliko tundu kwa sentimita mbili kila upande, na apinde ukingo ushonwe usilegee. Wavu wenye matundu madogo asiweke, utaziba ndani ya miezi. Kama baada ya hapo feni bado inapiga kelele asubuhi, feni yenyewe itolewe isafishwe. Kazi hiyo ifanywe waya wa hasi umetolewa, plagi ya rangi ya machungwa ya betri kubwa imechomolewa, na fundi amesubiri dakika kumi kabla ya kugusa nyaya za machungwa.