Wajukuu wa Medina, Bombo

*Jumanne*

19:04 Da Zamzam: Assalam aleikum ndugu zangu. Rama anaondoka Ijumaa ya wiki ijayo baada ya swala ya alfajiri. Peke yake, kwa pikipiki, hadi ngome ya Dufile kule kaskazini na kurudi. Mchango kila mmoja elfu 20, tumeni kwangu.

19:31 Da Zamzam: Mko 23 humu, 19 mmesoma. Anayejibu hakuna.

19:40 Sebi: Waleikum salaam. Nipo, nakula kisra.

19:41 Da Zamzam: Siku ya kwanza Luweero, Kafu, Kigumba, Karuma, alale Pakwach. Ya pili Wadelai, halafu Arua. Ya tatu Yumbe, Moyo, Dufile. Ya nne avuke Laropi kwa feri, Adjumani, Atiak, Gulu. Ya tano Patiko. Ya sita nyumbani. Kila mji apige simu. Saa 12 jioni asiposikika, mimi nalala macho.

20:02 Mjomba Abdalla: Kabla ya mchango mpya, ule wa mabati ya Haboba, bibi yenu, uliishia wapi?

20:03 Da Zamzam: Mjomba, mabati yako juu ya nyumba, 18. Chenji ilinunua misumari na kumlipa fundi. Risiti nilizituma humu humu.

20:05 Mjomba Abdalla: Nilipanda nikahesabu. Ni 16.

20:06 Sebi: Mawili yametangulia Dufile 😂😂

20:07 Da Zamzam: Sebi nyamaza. Mjomba, hilo tulizungumze Jumapili nikija, uso kwa uso. Pikipiki umeiangalia?

20:19 Mjomba Abdalla: Injini nzima. Sproketi ya nyuma meno yamechongoka kama ya mamba, ukifunga cheni mpya juu yake itakufa kabla ya Karuma. Zibadilishwe zote, ya mbele na ya nyuma. Abebe tyubu mbili, plagi, waya wa klachi. Pakwach ajaze tangi na jerikeni ndogo, njia ya Wadelai ni udongo. Na Karuma kwenda Pakwach apite mchana, ndovu huvuka barabara pale.

20:20 Sebi: Nyani wa Karuma je? Rama ficha rolex, ile chapati ya mayai!

20:21 Mariam: 😂 Mnakumbuka Mama Fauzia na zile ndizi

20:22 Sebi: Wuuuu! Na kile kiatu!

20:24 Da Zamzam: Jamani. Ndovu. Mjomba anazungumzia ndovu.

20:47 Rama: Nimetoka kazini sasa hivi. Da, asante, lakini mchango sikuomba. Naomba mnielewe. Tangu darasa la tano naambiwa nyinyi Wanubi si watu wa hapa, mlikuja na Lugard, yule ofisa Mwingereza. Ndiyo, 1891 Lugard aliwachukua Selim Bey na askari wake wa Kisudani, wazee wetu, kule Kavalli, ng'ambo ya Ziwa Albert. Lakini kabla ya hapo walikuwa wapi? Emin Pasha, gavana wao, alihamia Wadelai 1885. Dufile ndiko walikowarudisha nyuma Wamahdi, wapiganaji wa Mahdi wa Sudan, Novemba 1888. Wadelai na Dufile ziko ndani ya Uganda hii hii. Ile tuta ya ngome bado ipo, nataka niikanyage mwenyewe. Na nataka kimya. Tukienda sita tutapiga picha tu.

20:58 Mjomba Abdalla: Vizuri mwanangu. Ila Patiko usipite haraka. Baker, Mwingereza mwingine, alijenga ngome pale 1872, anasema anakomesha biashara ya watumwa. Kati ya wazee wetu wapo walioingia jeshini kwa kutekwa wakiwa wadogo. Hilo nalo ulibebe, si ushindi peke yake.

21:03 Da Zamzam: Sawa, lakini peke yake mimi sijakubali. Pancha ikitokea porini?

21:36 Mariam: Haboba amesikiliza yote. Anasema niandike neno kwa neno:
"Njia hiyo nimeipita. Aprili 1979, Amin alipoanguka, tulitoka Bombo usiku, mvua inanyesha, mama yake Rama mgongoni. Ndugu yangu Hassan alikuwa na cherehani kichwani. Karibu na Pakwach homa ikamshika. Tulimzika upande wa huku wa daraja, chini ya mwembe. Sanda hatukuwa nayo, tulimfunga kwa shuka la kitanda, lina maua ya buluu. Cherehani tukampa mwenye lori atuvushe. Sijarudi pale. Mtoto mwacheni aende. Na mimi nakwenda, kwa basi. Anisubiri darajani tumsomee Fatiha."

22:15 Da Zamzam: Naam Haboba. Tumesikia.

22:17 Mjomba Abdalla: Mama, hukuwahi kutuambia.

22:20 Rama: Nitakusubiri Haboba. Hata siku mbili.

22:24 Da Zamzam: Ngojeni kwanza. Magoti yale yatakaa kwenye basi saa ngapi? Nani anamsindikiza? Mimi kazini hawaniachii Ijumaa. Na akishafika Pakwach analala kwa nani?

22:40 Sebi: Mimi nitakwenda naye. Nauli ndiyo sina.

22:41 Da Zamzam: Allah akubariki. Nauli itoke kwenye mchango. Wengine?

*Jumatano*

06:12 Rama: Haboba, mwembe uko kulia au kushoto ukitokea Karuma?

06:50 Mariam: Anasema atautambua akiuona. Na yeye anauliza kama bado haujakatwa.

08:33 Mama Fauzia: Nimeona sasa. Ni Ijumaa hii au ijayo? Nimetuma 20.

08:40 Mjomba Abdalla: Sproketi nimepata, cheni bado. Ijumaa siahidi. Huenda Jumatatu.

08:41 Da Zamzam: Mjomba, tiketi za basi nikate za siku gani?