Tupeane uzoefu: maji yanatoka kiduchu kwenye flati, kwako shida ilikuwa wapi?

Wakuu habari zenu. Naomba tukusanye uzoefu wa hii ishu ya maji kukosa presha ndani ya flati maana kila fundi anakuja na lake, huyu nunua pampu, yule tubomoe ukuta tubadili bomba zote, hela inaondoka na shawa bado inadondosha matone. Sema tu dalili zilikuwaje na mwisho wa siku ilikuwa nini. Naanza mimi: sinki la jikoni peke yake ndo lilikuwa linatoa uzi, bafuni fresh. Nikafungua kile kichujio cha mdomoni mwa koki, ndani mchanga na vipande vyeupe vya plastiki. Nikasugua na mswaki wa zamani, nikafungulia maji kwanza bila kichujio uchafu utoke, nikarudishia. Kumbe walikuwa wametoka kuchokonoa bomba la jengo.

mpangaji wa juu
Sisi wa ghorofa ya mwisho ndo tunaoisoma namba. Watu wanadhani ukiwa karibu na tangi la juu ya jengo unafaidi, wapi! Presha inakuja na kimo cha maji juu ya koki yako, mita 10 za kimo ndo zinakupa kama bar 1 (bar ni kipimo cha presha), sasa tangi likiwa mita 2 tu juu ya shawa una bar 0.2, hapo shawa ya vitundu vidogo ni pambo. Nikaweka yenye matundu makubwa ikapungua kero, baadaye mwenye nyumba akakubali kapampu. Ila kabla hujanunua uliza kanawashwa na nini, kuna zile zinazosubiri maji yatembee ndo ziwake, sasa kama maji yenyewe hayatembei utakaa umeshika sabuni mpaka kesho.

dada wa 4B
Kwangu ilikuwa ya moto tu, ya baridi yanapiga vizuri. Ukiona hivyo bomba kuu achana nalo, shida iko njia ya hita. Ule mpira uliofumwa kwa waya unaoingia kwenye hita ulikuwa umejikunja nyuma huko, walivyoisogeza ukutani ukabanwa. Ukabadilishwa mpira, yakaisha.

fundi bomba
Naongeza kidogo. Ukifungua koki maji yakaja kwa kishindo halafu sekunde chache yakalegea, ujue presha ipo, njia ndo imebanwa. Kacheki valvu ya kuingilia kwenye flati. Nilishakuta geti valvu gurudumu linazunguka vizuri kabisa lakini ule mlango wa ndani umekatika kwenye shina lake, umebaki chini umeziba nusu ya njia, mwenye nyumba anaapa valvu iko wazi na kweli kwa nje iko wazi. Bomba za chuma za zamani kutu inakula nafasi ndani, kuna kipande nilikata kidole cha mwisho hakipiti. Na hizi bomba za plastiki za PPR za kuunganisha kwa moto, mtu akipasha kupita kiasi plastiki inavimbia ndani inaziba. Hii inaniudhi kuliko zote, nyumba mpya halafu mteja anaambiwa eti maji ya mtaa ndo hayana nguvu.

Pima na ndoo ya lita 10, ikijaa kwa dakika moja basi unapata lita 10 kwa dakika. Pima asubuhi, rudia usiku wa manane. Ikiwa inabadilika, mnagombania maji. Ikiwa ileile muda wote, tafuta kwako. Na tafadhali usifunge pampu moja kwa moja kwenye bomba la mtaa, inafyonza, jirani anakosa na bomba likiwa na ufa inavuta na matope, sehemu nyingi hata hairuhusiwi. Weka tangi katikati.

mgeni wa jengo
Mimi funga koki zote, mita bado inazunguka 😂 bomba lilikuwa linavuja chini ya vigae.

kaka wa kati
Fundi, sisi saa 12 asubuhi hadi saa 2 ndo shida, kichujio nimeosha, valvu imebadilishwa, saa 4 maji mengi balaa. Ninunue pampu?

fundi bomba
Hapana mkuu, jengo zima mnaoga saa moja na bomba la kushushia maji kutoka tangini ni jembamba. Shikaneni wapangaji mumbane mwenye jengo aweke kubwa zaidi, peke yako hapo hutoboi.