Nusukaputi huzima nini katika ubongo?

Mkazi wa Jinja: Ndugu zangu, mama yangu atapasuliwa wiki ijayo kwa nusukaputi. Je, hali hiyo ni sawa na usingizi wa usiku?

Muuguzi, Mbale: Si sawa, ndugu, kwa maana aliyelala huamka akifinywa. Propofoli, mojawapo ya dawa za nusukaputi, huongeza nguvu ya GABA, kemikali inayotuliza seli za neva, hata sehemu za ubongo zikashindwa kupashana habari. Ketamini, dawa nyingine ya nusukaputi inayotumika sana hapa Uganda, hufuata njia nyingine, kwani huziba vipokezi vya NMDA, yaani sehemu za seli za neva zinazopokea ishara za kuziamsha, na kwa kawaida haikatizi pumzi.

Mkazi wa Jinja: Kumbe! Shangazi aliyepewa ketamini alisimulia ndoto za ajabu.

Muuguzi, Mbale: Naam, hutokea mgonjwa anapozinduka.