Hedhi imechelewa baada ya homa kali: virusi au mimba?

Mdau_77: Wadau, mwanamke mwenye mzunguko wa siku 28 akiugua Uviko-19 au mafua makali, homa ikapanda hadi 39 kwa siku nne, kisha hedhi ikachelewa siku 10, hiyo ni kazi ya virusi? Na kweli anayetafuta mtoto asubiri mwaka?

Mkunga_K: Kwanza, homa ilimkuta siku ya ngapi ya mzunguko? Kinachoyumba ni kipindi cha kabla ya yai kutoka. Yai likishatoka, hedhi huja baada ya siku 12 hadi 14 hivi. Mwili ukiwa vitani, ubongo hupunguza homoni zinazoiamsha ovari, yai likachelewa kupevuka. Aliyeugua kuanzia siku ya 8, yai likatoka ya 24, ataona damu siku ya 38. Hesabu inakubali. Ila aliyeugua siku ya 20 yai lilishatoka, asisingizie virusi: apime mimba kwa mkojo wa kwanza wa asubuhi, na kipimo kikiwa hasi arudie baada ya wiki.

Hapo ndipo kalenda ya siku salama inapowaumbua watu. Ile ya 24 waliyoiita salama ndiyo siku ya yai!

Mdau_77: Nimekupata. Na kizazi?

Dkt_Zamu: Kwa wengi mzunguko hutulia ndani ya miezi miwili mitatu. Kusubiri mwaka hakuna msingi, apone tu na aanze foliki asidi (aina ya vitamini B) 0.4 mg kila siku kabla ya kushika mimba. Homa kali wiki za mwanzo za mimba inahusishwa na kasoro za uti wa mgongo wa mtoto, kwa hiyo ishushwe: parasetamoli ya 500 mg, vidonge 2 kila baada ya saa 6, visizidi 8 kwa siku. Ibuprofeni aiache, hasa kuanzia wiki ya 20. Inaweza kudhuru figo za mtoto na kupunguza maji ya uzazi.

Muulizeni pia alitumia dawa gani. Deksamethasoni (vidonge vya steroidi vya kutuliza uvimbe) za kununua dukani bila cheti nazo huvuruga hedhi, halafu lawama zote anabebeshwa kirusi.

Mkunga_K: Kipimo cha mimba kikiwa chanya na tumbo linauma upande mmoja, hospitali leo leo, huenda mimba imetunga nje ya kizazi. Vilevile pedi ikilowa chapachapa kila saa, kwa saa mbili mfululizo.